Nyanya Imeoza, Ukumbi Umejaa

Julai 2019 kampuni ya Disney iliirudisha The Lion King kwenye kumbi za sinema. Safari hii Simba, Pumbaa na wenzao walikuwa wameundwa kwa kompyuta hadi singa moja moja ya manyoya inaonekana. Aliyechungulia mtandao wa Rotten Tomatoes kabla ya kukata tiketi alikuta namba mbili zimekaa bega kwa bega. Ya wahakiki ilikuwa kama asilimia 52, na pembeni yake imechorwa nyanya iliyopondeka. Ya watazamaji ilikuwa kama 88. Filamu ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani. Desemba 2024 ikaja Mufasa na mchezo ukajirudia: wahakiki chini ya 60, watazamaji karibu na 90.

Hapo mtu hubaki kujiuliza nani anamdanganya. Vijiweni kuna majibu mawili ya haraka. La kwanza ni kwamba wahakiki wanaringa, wanapenda filamu zisizoeleweka ili waonekane wasomi. La pili ni kwamba watazamaji hula chochote wanachopakuliwa. Yote mawili yamekosea mahali pamoja: yanadhani pande hizi mbili zinajibu swali moja.

Namba inapima nini

Tuanze na namba yenyewe, maana sehemu kubwa ya mkanganyiko imelala humo. Rotten Tomatoes, iliyoanza mwaka 1998, haipimi uzuri wa filamu. Inachukua kila uhakiki, hata uwe na maneno 1,500 ya sifa zilizochanganyika na lawama, na kuushusha kuwa ndiyo au hapana. Asilimia ni fungu la waliosema ndiyo. Ikifika 60 nyanya inakuwa nyekundu, ikipungua, inapondeka.

Chukua filamu mbili na wahakiki kumi. Ya kwanza, wote kumi wameipa alama 6 kati ya 10, yaani inapitika, haiudhi. Kwa kuwa 6 kwa kawaida huhesabiwa ndiyo, filamu hiyo inapata asilimia 100. Ya pili, watano wameipa 10 na kuiona ya ajabu, watano wameipa 4. Hiyo inapata asilimia 50 na nyanya iliyooza, ingawa wastani wake ni 7. Mtu anayefuata nyanya ataikimbilia ile ambayo hakuna hata mmoja aliyeipenda kwa moyo, na kuikwepa ile iliyowatoa machozi nusu ya waliokaa ukumbini. Kwa hiyo asilimia inapima makubaliano. Filamu iliyogawa watu, na hizo ndizo zinazofaa kuzungumzwa, hesabu hii huiadhibu.

Upande wa watazamaji nao una vipimo vyake. CinemaScore ya Marekani, inayofanya kazi hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, huwagawia kadi wanaotoka ukumbini siku ya kwanza ya filamu na kuwaomba waipe daraja, kuanzia A+ hadi F. Lakini ni nani huyo anayekwenda siku ya kwanza? Ni shabiki, aliyekuwa anaisubiri. Daraja lake linaeleza kama ahadi ya trela imetimizwa. Ndiyo maana Hereditary ya mwaka 2018 ilipata D+ kwa watazamaji huku karibu wahakiki tisa kati ya kumi wakiisifu: watu waliuziwa sinema ya kutisha ya kuruka kwenye kiti, wakakuta msiba mzito wa familia unaotambaa polepole. mother! ya Darren Aronofsky, mwaka 2017, ilipata F kabisa, ilhali wahakiki wengi waliikubali. Jina la Jennifer Lawrence kwenye bango lilikuwa limewavuta watu waliokuja kutafuta kitu kingine.

Halafu kuna vurugu. Mapema mwaka 2019, kabla Captain Marvel haijatoka, watu ambao hawakuwa wameiona walijazana mtandaoni kuichafua kwa sababu zao. Rotten Tomatoes ikabadilisha utaratibu, na tangu Mei mwaka huo namba kuu ya watazamaji ikawa ya watu ambao ununuzi wao wa tiketi umethibitishwa. Dawa ilifaa, ila tiketi zenyewe ni za huduma za mauzo za Marekani. Aliyelipa dirishani pale Mlimani City, Dar es Salaam, hamo. Tunaposema watazamaji wameipa 88, tunasema Wamarekani waliokata tiketi zao wenyewe wameridhika.

Kwa nini wanaachana

Mhakiki wa gazeti kubwa huona filamu kadhaa kila wiki, mwaka hadi mwaka, atake asitake. Mtazamaji huona chache, na zote amezichagua. Kutoka hapo tofauti nyingine zote zinafuata. Mhakiki ameshaona mara mia yule polisi aliyebakiza siku tatu kustaafu. Anajua atapigwa risasi. Anatamani kushangazwa. Mtazamaji hana uchovu huo. Wa kwetu hata wana sheria yao, steringi hafi, na wakishaijua hawachoki: raha ni kuona atapona vipi. Mhakiki akiandika kwamba filamu ni ya kukaririwa, kwake hilo ni kosa. Kwa aliyekaa kwenye benchi, kukaririwa ni sehemu ya alichofuata.

Tofauti ya pili ni kuchagua. Anayelipia tiketi amekwisha kujichuja: asiyependa vita hakwenda kwenye filamu ya vita. Namba ya watazamaji kwa hiyo huanza juu kwa asili yake. Mhakiki hakuchujwa.

Ya tatu ni pochi, nayo inafanya kazi kinyume na wengi wanavyofikiri. Ungedhani aliyelipa atakuwa mkali zaidi. Mara nyingi huwa mpole, kwa sababu ametafuta nauli, amemleta mtoto au mchumba, amenunua bisi, na hataki jioni ile iwe hasara. Mhakiki aliyeingia bure hana cha kutetea.

Turudi kwa Simba tuone haya yakifanya kazi. Mufasa amekanyagwa na nyumbu bondeni, na mtoto anamsukuma baba yake aamke. Katika filamu ya kwanza, ya mwaka 1994, wachoraji walikuwa na nyusi, na walizitumia: zinapanda, zinashuka, mdomo unatetemeka, machozi yanajaa. Mwaka 2019 mwanasimba ana uso wa mwanasimba. Timu ya mwongozaji Jon Favreau ilikwenda hadi Kenya kuchunguza wanyama na mandhari ili uhalisia ukamilike, na uhalisia ndio uliofunga mlango, kwa kuwa simba wa kweli hana nyusi za kuomboleza. Sauti inalia, uso umetulia. Wahakiki waliolalamikia hilo hawakuwa wanaringa. Walikuwa wanaeleza kitu kilichopo kwenye picha, na ukishaelezwa huwezi kuacha kukiona.

Lakini mtoto wa miaka sita hakuwa na filamu ya 1994 kichwani ya kulinganishia. Na mzazi wake alikuwa nayo kwa namna nyingine: zile nyusi zilizokosekana alizijaza mwenyewe kutoka kwenye kumbukumbu. Asilimia 52 na 88 zote zilikuwa za kweli. Zilipimwa kwenye viti tofauti.

Upande wa wahakiki

Hoja yao yenye nguvu zaidi ni kwamba wana msamiati wa kutaja kile ambacho sisi tunakihisi bila jina. Mtu akitoka ukumbini akisema filamu imepoa katikati, mhakiki anaweza kuonyesha ni kwa sababu gani: adui alitoweka dakika 40, au ugomvi wa ndugu wawili ulimalizika mapema. Na wakati mwingine huifungulia njia kazi ambayo ingezikwa.

Mfano unaotajwa sana ni Bonnie and Clyde ya mwaka 1967. Bosley Crowther wa New York Times, aliyekuwa mhakiki mwenye sauti kubwa Marekani, aliiponda, akarudia kuiponda, akiona damu yake ni mzaha. Joe Morgenstern wa Newsweek naye aliikandia, kisha akaitazama upya ukumbini akiwa amezungukwa na watu, na wiki iliyofuata akaandika kwamba alikosea. Oktoba, mhakiki Pauline Kael akachapisha makala ndefu kuitetea kwenye The New Yorker. Filamu ikaishia na uteuzi 10 wa Oscar, na mwanzoni mwa 1968 Crowther alikuwa amekwisha kuacha kiti chake.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi kwamba wahakiki hukosea. Mimi nakisoma tofauti kidogo. Aliyekosea alikuwa mhakiki, na aliyeonyesha kosa lilipo alikuwa pia mhakiki, kwa hoja unazoweza kuzisoma na kuzipinga hadi leo. Kilichombadilisha Morgenstern kilikuwa ukumbi uliojaa, na hilo ni ungamo zuri kuliko yote ambayo fani hiyo imewahi kutoa.

Udhaifu wao ni kwamba wanatoka sehemu chache. Wanaishi miji ileile, wamesoma vitabu vilevile, wanakutana kwenye matamasha yaleyale. Kitu ambacho mazingira yao hayakifahamu kinaweza kuwapita bila wao kujua kwamba kimewapita.

Upande wa mteja mfalme

Sholay ilitoka India tarehe 15 Agosti 1975. Wahakiki wa magazeti waliiponda, na wiki za mwanzo hata kumbi zilisuasua. Kisha watu wakaanza kuambiana. Maneno ya Gabbar Singh, jambazi wa filamu hiyo, yakawa yanarudiwa mitaani, sahani za santuri zenye mazungumzo ya filamu zikauzwa kama za nyimbo, na ukumbi wa Minerva, Mumbai, ukaionyesha kwa zaidi ya miaka mitano. Watu wa pwani yetu, waliokulia kwenye picha za Kihindi kwa vizazi, hawahitaji kuelezwa zaidi. Huu ndio ushahidi bora wa upande wa pili: hakuna matangazo yanayoweza kuwashikilia watu miaka mitano. Wale wahakiki hawakuona walichokuwa wanatazama.

Ila angalieni ni kitu gani hasa kilichoshinda. Hayakuwa mapato ya siku za mwanzo, yaliyokuwa mabaya. Yalikuwa maneno ya mdomo, yaani hukumu ya watu waliokwisha kuona. Siku hizi wenye filamu wakituonyesha mauzo ya mwisho wa wiki kama ushahidi wa ubora, wanatuonyesha tiketi zilizokatwa kabla ya mtu kuona chochote. Venom ya mwaka 2018 ilipata kama asilimia 30 kwa wahakiki na ikaingiza zaidi ya dola milioni 850. Fedha hizo zinathibitisha kwamba Tom Hardy na jina la Marvel vinauza. Kama filamu ni nzuri, hilo tiketi ya Ijumaa haiwezi kulijua.

Bongo Movie ilitupa somo hili kwa bei nafuu zaidi. Enzi za VCD na DVD, hadithi moja ilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na kava lake na bei yake. Hadithi haikudai kukatwa. Soko ndilo lililodai. Ukimya mrefu, gari likipita kutoka getini hadi barazani, simu inayopigwa hadi ikate: vyote vilikuwa vya kujaza sehemu ya pili. Wateja waliguna, na waliendelea kununua, kwa kuwa walitaka kujua mwisho. Mauzo yakasomwa kama kuridhika.

Muda kama hakimu

Wapo wanaosema tuache kubishana, muda utaamua. The Shawshank Redemption ilibuma kwenye kumbi mwaka 1994, ikafufukia kwenye kanda za video na televisheni. Ni kweli. Lakini muda unahukumu kile tu kilichotunzwa. Filamu iliyobaki kwenye diski iliyochubuka, bila nakala safi ghalani, haiwezi kukata rufaa.

Kwetu kuna swali la tatu

Mjadala wa Marekani una pande mbili: imetengenezwa vizuri, au nimefurahi. Afrika Mashariki kuna swali jingine linalotangulia yote mawili: ina mafunzo gani? Msikilize mtu akiisifia filamu ya Kiswahili. Atasema inafundisha. Mtayarishaji akihojiwa redioni atasema amelenga kuelimisha jamii. Nadhani chanzo kimojawapo ni shule. Kila aliyesoma fasihi sekondari amefundishwa uhakiki, fani upande huu na maudhui upande ule, na kwenye mtihani maudhui ndiyo yanayobeba: dhamira, ujumbe, falsafa. Tuna mamilioni ya watu wanaojua kuhakiki tamthilia kwa kalamu, na karibu hakuna anayeipeleka kalamu hiyo kwenye filamu. Ikipelekwa, inakamata ujumbe na kuiacha kamera.

Swali la mafunzo si la kudharauliwa. Linamlazimisha msanii akumbuke kwamba watu wanatazama pamoja, bibi na mjukuu sebule moja. Ila lina gharama: filamu hujifunza kuhubiri dakika tano za mwisho ili isamehewe dakika 90 zilizotangulia. Na swali hilohilo likishikwa na serikali linakuwa mkasi. Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu, ilichaguliwa kwenye tamasha la Cannes mwaka 2018 na kupigwa marufuku Kenya mwaka huohuo, kwa kuwa ilisimulia mapenzi ya wasichana wawili. Septemba, Mahakama Kuu iliiruhusu kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikafurika. Bodi ya filamu iliyoipiga marufuku ilitoa hukumu yake, Cannes yake, na waliopanga foleni yao. Tatu tofauti, na hakuna iliyojadili kwa kina jinsi Kahiu alivyotumia rangi.

Kabla hatujasema kwetu hakuna wahakiki, tuwakumbuke wa kwenye mabanda ya video. Lufufu kule Tanzania na DJ Afro kule Kenya waliitwa watafsiri, lakini walichofanya kilizidi tafsiri. Filamu ya Hong Kong inakwenda, na juu yake sauti inawapa wahusika majina ya mtaani, inamcheka adui kwa ujinga wake, inaruka maongezi yaliyopooza, inatahadharisha kwamba hapa sasa ndipo kazi inapoanza. Huo ni uhakiki unaotolewa papo hapo, mbele ya watu wanaoweza kunyanyuka na kuondoka. Mhakiki wa New York hajawahi kufanya kazi kwenye mazingira magumu kiasi hicho. Upungufu wake ni kwamba hauandikwi, na uligusa zaidi filamu za watu wengine.

Filamu zetu zenyewe zimepata zaidi habari za mastaa. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliofurika Leaders Club, Dar es Salaam, ulionyesha upendo ambao hakuna asilimia ingeweza kuueleza. Magazeti yalijaa maisha yake. Kazi yake ya uigizaji, pozi lake, namna alivyoshika sentensi, havikupata nafasi ya kufanana na hiyo. Kwa upande mwingine kuna Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, ikanyakua tuzo kwenye lile la Carthage mwaka huohuo. Wahakiki wa nje waliusifu mwendo wake wa taratibu na mwanga wake. Watanzania wengi wa mikoani wasingeweza hata kuikataa, kwa sababu ukumbi wa sinema wa kuikatalia hawana.

Mizani

Nikilazimika kupima, naweka hivi. Asilimia ya wahakiki ni kipimo dhaifu cha kitu kizuri, kwa sababu thamani ya mhakiki iko kwenye hoja, na hoja ndiyo inayotupwa hesabu inapofanywa. Namba ya watazamaji inafaa kwa swali moja dogo, kama watu wa aina yangu wamepata walichofuata, mradi watu hao wawe kweli wa aina yangu. Mapato yanafaa kwa mhasibu. Neno la mdomo, lile lililoiokoa Sholay, nalipa uzito kuliko yote matatu, ila linachelewa, na filamu nyingi siku hizi huondolewa ukumbini kabla halijasambaa.

Filamu iliyogawa wahakiki katikati ndiyo inayonivuta zaidi. Nyingine ikifika 95, nasoma uhakiki mmoja wa walioikataa; ikiwa 30, mmoja wa walioipenda. Mara nyingi lawama ya mmoja ni tangazo kwa mwingine: polepole mno, nyimbo nyingi mno, imejaa kilio. Anayependa kilio ameshapata jibu lake.

Yapo pia mambo ambayo hakuna kati ya namba zote hizi inayoyafikia. Disney ilisajili Hakuna Matata kuwa alama ya biashara ya nguo Marekani, na mwishoni mwa 2018, filamu mpya ikiwa njiani, watu wakasaini kwa wingi waraka wa kupinga. Maneno hayo bendi ya Them Mushrooms ilikuwa imeshayaimba kwenye Jambo Bwana mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya watalii zaidi kuliko sisi, ambao tungesema hakuna shida na kuendelea na safari. Fisi jike wa 2019 anaitwa Shenzi, na sauti yake ni ya Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Anayejua Kiswahili anasikia tusi kila fisi huyo anapoitwa. Na yule ngiri? Kwa mtoto wa Chicago, Pumbaa ni jina tu. Mtoto wa Tanga ameshaambiwa mara ngapi na mama yake asipumbae. Akicheka, anacheka kabla ngiri hajafungua mdomo, na kicheko hicho hakimo kwenye 52 wala kwenye 88.